Daktari, Wanawe na Riziki Yake



Kila aliyepata kukaa katika darsa ya fiqhi ajua kwamba faradhi ni za namna mbili. Iko faradhi ya ain, ambayo kila mtu ataulizwa kwa nafsi yake, kama sala zake na saumu yake na haki za wanawe. Na iko faradhi ya kifaya, ambayo wameandikiwa watu wa mji kwa jumla. Wakipatikana wa kuitimiza wote wamesalimika, na wakikosekana wote wana dhambi, tajiri na fakiri, mwanachuoni na asiyesoma. Utabibu wanavyuoni wameutia katika hii ya pili. Mpaka hapo hapana ugomvi. Uzito waingia pale faradhi hizi mbili zinapomkuta mtu mmoja, zikagombania saa zile zile za usiku mmoja.

Mmoja katika vijana wetu, mzaliwa wa Mombasa, aliyehitimu udaktari na akapelekwa kufanya kazi katika hospitali moja ya serikali huko Kitui, ametuletea suali. Ana mke na watoto watatu, nao wako Mombasa pamoja na wazee wake. Yeye huja kuwaona mara moja kwa mwezi, na miezi mingine haji. Amalizapo kazi ya serikali huenda akashika zamu za kulipwa katika hospitali za watu binafsi, kwani mshahara, asema, haumfikishi mwisho wa mwezi: iko ada ya skuli, iko kodi ya nyumba, wako ndugu zake wawili anaowasomesha, na liko deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu lililomsomesha yeye mwenyewe. Sasa ameandikiwa kazi katika nchi moja ya Ghuba kwa mshahara ulio mara kadhaa ya huu wa sasa, na nyumbani wamhimiza aende. Asema tena kwamba alipokwenda Mombasa mara ya mwisho, mwanawe mdogo alijificha nyuma ya nyanyake akauliza, huyu ni nani?

Atuuliza mambo matatu. Je, ana dhambi kwa kuwa mbali na wanawe? Je, kutaka mali zaidi ya hii aliyo nayo ni tamaa? Na je, akienda Ghuba atakuwa amewatupa wagonjwa wa Kitui?

Tumeona tulijibu suali hili hapa gazetini, bila ya kumtaja mwenyewe, kwa kuwa wenzake walio katika hali kama yake ni wengi, na kwa kuwa sehemu ya jawabu si yake yeye bali ni yetu sisi tulioko mjini.

Yatupasa kwanza tujue ni mahali gani tunapopazungumza, kwani wengi wetu bara ya Mazeras hatuijui ila kwa kuipita usiku tukiwa tumelala garini. Jimbo la Kitui lina kilomita za mraba zipatazo 30,000, na katika hesabu ya mwaka wa 2019 watu wake walikuwa 1,136,187. Laanzia kaskazini huko Tseikuru na Kyuso, lapita Mwingi na Kitui mjini, lashuka mpaka Mutomo na Ikutha. Mvua ni mbili kwa mwaka, na mara nyingi moja yao haiji. Watu wamekaa mbali mbali, na mama aliyeshikwa na uchungu usiku huweza kuletwa hospitali juu ya pikipiki, mwendo wa saa nyingi, katika njia ya mchanga. Huko nyoka huuma watu mashambani, na maradhi mengine ya nchi kavu wakazi wa mwambao hawayajui hata kwa jina.

Mfano ni kalazari. Ni maradhi ya homa ya miezi mingi, bandama huvimba, mgonjwa hukonda mpaka akabaki mifupa, na asipotibiwa hufa. Huletwa na usubi, kidudu kilicho kidogo kuliko mbu. Mwaka wa 1952 na wa 1953 yalizuka Kitui kwa nguvu, watu wengi wakapatwa. Madaktari waliopelekwa huko wakati huo walifanya zaidi ya kugawa dawa. Walikwenda majumbani, wakatazama mgonjwa akaa wapi na hupumzika wapi jioni, mpaka wakaona kwamba maradhi yafuatana na vichuguu vya mchwa, kwa kuwa usubi yule hukaa katika mashimo ya vichuguu na hutoka jioni kuuma walioketi karibu. Ujuzi kama huu haupatikani kwa daktari apitaye wiki mbili akaondoka. Wataka mtu akae. Na mtu akaaye ndiye huyu ambaye mwanawe hamjui.

Basi tusimtazame muulizaji wetu kama mtu aliyekimbia nyumba yake kwa kupenda. Anapokuwa zamu ya usiku, na mama yuko mezani ataka kupasuliwa ili mtoto atoke, na hapana daktari mwengine wa kumwita, ile faradhi ya kifaya imekwisha kumgeukia yeye ikawa ya ain. Haya wanavyuoni wameyasema waziwazi: kazi ya kifaya ikiwa haina mtu ila mmoja, humlazimu mmoja yule kama sala inavyomlazimu. Usiku huo hana ruhusa ya kusema, leo mwanangu ana sikukuu skulini. Akimwacha mgonjwa yule afe, ataulizwa. Kwa hiyo saa za zamu yake, na safari zilizomshinda kwa ajili ya zamu hizo, hana dhambi ndani yake, wala mkewe asimhesabie.

Walakini faradhi iliyomgeukia kwa dharura humrudia hali yake ya kwanza dharura iondokapo. Mwenziwe akisha kushika zamu, haki iliyo mbele yake ni ya watoto wake watatu. Hapa ndipo penye mas-ala yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya.

Wengi wetu tumeisikia hadithi ya Salman Al-Farisi na Abu Dardaa, ambao Mtume wetu (s.a.w.) aliwafunga udugu. Salman alikwenda kumzuru nduguye, akamkuta mkewe yu katika nguo za kazi, hakujipamba. Alipomuuliza sababu, yule mama alimwambia kwamba nduguyo hana haja na dunia. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku kucha. Salman alimfanya afungue, akamlaza, akamwamsha mwisho wa usiku wakasali pamoja, kisha akamweleza kwamba Mola ana haki yake, na nafsi ina haki yake, na watu wa nyumbani wana haki yao, na kila mwenye haki apewe. Jambo lilipofika kwa Mtume (s.a.w.) alimsadiki Salman.

Sisi huisoma hadithi hii mimbarini kuwaonya watu wasipite mpaka katika ibada. Tusemeni kweli, katika miji yetu ni nani leo aliyepita mpaka katika kusimama usiku? Waliopita mpaka ni watu wa kazi: mwenye duka afungaye saa nne za usiku, baharia, dereva wa lori, na daktari. Hadithi ni yao zaidi kuliko ilivyo ya mcha Mungu. Na tutazame Salman aliijua vipi hali ya nyumba ile. Hakumuuliza Abu Dardaa, ambaye bila shaka angalisema mambo ni mazuri, alimuuliza mkewe.

Tena wako wanaodhani kwamba mtu akisha kupeleka matumizi amemaliza ubaba. Fiqhi haisemi hivyo. Nafaka ni haki moja: chakula, nguo, makazi, dawa. Malezi ni haki ya pili. Mtoto huamrishwa sala afikapo miaka saba, na anayeamrishwa kumwamrisha ni mzazi wake. Huweza baba kumpa uwakili babu wa mtoto au mwalimu wa chuoni, nao wakafanya kazi njema. Lakini uwakili haumwondolei aliyeutoa kuulizwa. Pesa zatumwa kwa simu zikafika kabla mtu hajamaliza kunywa chai, ama kumpakata mtoto hakutumwi. Al-Aqra bin Habis, mkubwa wa Banu Tamim, alimwona Mtume (s.a.w.) akimbusu mjukuu wake Hasan, akasema kwamba yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Hakusifiwa kwa kuwalisha wote kumi. Aliambiwa kwamba asiyerehemu harehemewi.

Kwa hiyo twamwambia ndugu yetu: azigawanye saa zake mafungu matatu, kila fungu lina hukumu yake.

Fungu la kwanza ni saa za kazi aliyoajiriwa. Hizo ni amana, na mshahara wake ni halali kwa sharti azitimize. Twalisema hili kwa kuwa liko gonjwa la siku hizi ambalo yeye halikutaja, nasi hatumdhanii, lakini wasomaji wetu walijua: daktari kutoka katika hospitali ya serikali saa nne za asubuhi kwenda kwenye zahanati yake, au kumwambia mgonjwa maskini kwamba hapa hapana nafasi, nenda mahali fulani, na mahali fulani ni pake. Huyu ala mishahara miwili kwa kazi moja, na mmoja katika hiyo ni haramu.

Fungu la pili ni zamu za nje anazozishika kwa haja ya kweli. Hizo ni halali, na iwapo mshahara hautoshi kwa nafaka basi ni wajibu. Imepokewa kwamba dinari bora mtu anayoitoa ni ile anayowapa watu wake wa nyumbani.

Fungu la tatu ni zile zamu zilizopita haja. Hizi hatusemi ni haramu. Twasema zisiitwe jina lisilo lake. Mtu huondoka usiku wa Ijumaa, siku ambayo angaliweza kupanda gari kwenda kwao, akashika zamu nyengine, na akiulizwa husema, nafanya kwa ajili ya watoto. Basi na achukue karatasi aandike: ada kiasi gani, kodi kiasi gani, chakula kiasi gani, deni la masomo kiasi gani kwa mwezi. Atoe mshahara. Kilichobaki akigawe kwa ujira wa zamu moja, ataona zamu ngapi zamtosha. Ikiwa ni tano naye ashika kumi na mbili, zile saba ni za gari, au kiwanja cha Nyali, au kutopungukiwa mbele ya wenziwe aliosoma nao. Huenda akaamua kuzishika vilevile. Lakini ajue anachokinunua, na ajue kwamba bei yake ni siku ambazo mwanawe alikuwa na miaka mitatu. Miaka mitatu haina kadha.

Na hapa yatupasa tujitazame na sisi jamaa. Mwambao mzima wajua linalompata kijana akisha kuitwa daktari. Harusi ikija, mchango wake wategemewa kuliko wa wajomba watatu. Nyumba ikivuja, aulizwa yeye. Shangazi akitaka kwenda Umra, simu yapigwa Kitui. Hakuna anayemuuliza ana kiasi gani, kwani neno daktari latosha kuwa jawabu. Kisha sisi hao hao, akija mara moja kwa miezi miwili, twasema kijana huyu amewasahau wanawe. Nani aliyemsahaulisha?

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi mpango wa nafaka wajulikana. Huanza mtu na nafsi yake, kisha mkewe, kisha watoto wake wadogo, kisha wazazi wake wakiwa wahitaji. Ndugu hawamo katika nafaka ya wajibu. Kuwasaidia ni sadaka na kuunga udugu, na thawabu yake ni kubwa. Hatumwambii ndugu yetu awatoe skulini nduguze wawili, la hasha. Jambo hilo ni jema na Mwenyezi Mungu amlipe. Lakini sunna hailipwi kwa haki ya mtoto. Ikiwa ni lazima apunguze zamu, na mapato yakapungua, apunguze kwanza michango ya fahari, kisha akae na nduguze awaeleze atawalipia kiasi gani na lini, na wao watafute namna ya kujisaidia. Wakubwa wa nyumba wakisikia haya kutoka kwa kijana hukasirika. Ndiyo maana tumeyaandika sisi.

Suali la pili lilikuwa, kutaka mali ni tamaa? Wako watu husema mbele ya daktari kwamba kazi yake ni ya huruma, haifai kudai malipo. Na hao ukiwatazama wao hawauzi hata kilo ya mchele kwa huruma. Mtume (s.a.w.) alipopigwa chuku na Abu Taiba aliamuru apewe pishi za chakula, akasema na mabwana zake wampunguzie kodi yake. Na Swahaba mmoja alipomsomea Al-Fatiha mkubwa wa kabila aliyeumwa na nge, akapona, wakapewa kundi la mbuzi, wenziwe waliingia shaka kuila, Mtume (s.a.w.) aliwahalalishia. Ujira wa tabibu ni halali kwa nassi. Na Saad bin Abi Waqqas alipokuwa mgonjwa akataka kutoa mali yake sadaka, hakuruhusiwa kupita thuluthi, na akafunzwa kwamba kuwaacha warithi wanajiweza ni bora kuliko kuwaacha waombaomba. Basi mtu kutaka wanawe wasome na wawe na paa lao si tamaa.

Jambo hili lilifika mbali katika nchi yetu. Serikali iliandikiana mkataba na chama cha madaktari mwaka wa 2013, haukutimizwa, na kuanzia tarehe 5 Desemba 2016 hata 14 Machi 2017, siku mia, madaktari wa hospitali za serikali waliweka kazi chini, na viongozi wao wakatiwa jela kwa siku chache. Mwaka wa 2024 wakagoma tena siku 56, na khitilafu kubwa ilikuwa ujira wa madaktari wanaoanza kazi: mkataba wasema shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali yataka kuwapa 70,000. Mwisho wa mwaka huo wakapatana kwa ile ya mkataba. Waislamu tumeamrishwa kutimiza mikataba, na amri hiyo haikumtoa serikali. Aliyeanza kuvunja ndiye aliyeanza dhambi. Lakini mama wa Tseikuru hakutia mkono katika karatasi ile, wala yeye siye aliyezuia mshahara. Kwa rai yetu, daktari aweza kugoma katika kazi ziwezazo kungoja, na hawezi kumwacha mwenye kufa. Wako wanaosema mgomo usiowauma watu hausikiwi. Twajua, na bado hatuoni njia ya kuihalalisha roho ya mtu asiyehusika.

Sasa suali la tatu, la Ghuba. Sisi si wageni wa nchi hizo. Mababu wa wengi wetu walitoka huko, na wengine walirudi huko. Kwenda kutafuta riziki si haramu. Lakini tufanye hesabu kwa kweli. Mwaka wa 2018 serikali yetu ilileta madaktari mia moja kutoka Cuba, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, kwa kuwa hospitali za majimbo zilikosa mabingwa. Mwaka wa 2023 ikaamua kutoendelea na mpango huo. Nchi iliyoazima madaktari mbali namna hiyo haina wa kugawa. Kila mmoja aondokaye katika jimbo kama Kitui aacha pengo, na kwa watu wa huko pengo lile ni kitanda kisicho na wa kukikagua.

Hata hivyo hatutamkataza kwa hoja hiyo peke yake, kwani tutakuwa tumemtwika mtu mmoja deni la watu wengi. Twamuuliza neno jengine: atakwenda peke yake au pamoja na wanawe? Akienda peke yake, akawaacha Mombasa akarudi mara moja kwa mwaka, atakuwa amepoteza faradhi mbili kwa pamoja, ya Kitui na ya nyumbani, na alichopata badala yake ni pesa. Hilo twalichukia. Akienda nao, wakakaa nyumba moja, watoto wakamjua, basi amehifadhi ile iliyo yake kwa nafsi yake, na ile ya kifaya imeturudia sisi. Kwa upande wa watoto, baba aliye Ghuba pamoja nao ni karibu kuliko baba aliye Kitui nao wako Mombasa. Twajua jawabu hili halitawapendeza wanaopenda kusikia kwamba mzalendo ni mwenye kubaki. Nasi twapenda abaki. Ila twataka abaki kama baba.

Nayo njia ya kubaki kama baba iko, tena imo katika barua yake mwenyewe ingawa hakuiona. Kwa nini wanawe wako Mombasa? Hakutueleza, nasi twaweza kukisia. Kwetu sisi mtu kuhamia bara na mkewe ni kama kufukuzwa. Mama mkwe atalia, majirani watasema binti yetu amepelekwa maguguni. Lakini Kitui ni mji, una skuli, una misikiti, una Waislamu, na watoto wao wasoma Kurani kama wetu. Wala si nchi tuliyoijua jana. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka pwani na pembe na mifugo kabla Mzungu hajaifahamu njia; Krapf, yule mmisionari aliyekaa Rabai, alipofika Kitui mwaka wa 1849 alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa aliyekuwa amekwisha kujuana na watu wa pwani. Babu zetu waliijua njia ile kwa miguu. Leo mtu hupanda treni Mombasa akashuka Kibwezi, na kutoka Kibwezi iko barabara ya lami kupita Mutomo mpaka Kitui mjini. Anayesema ni mbali apime na Muscat.

Basi na awahamishe. Lakini asije na amri. Twajua fiqhi inampa mume haki ya kuchagua makazi yaliyo salama, na twajua vilevile jinsi wanaume wanavyoitumia haki hiyo kama bakora. Mwanamke huyu amekuwa mama na baba kwa miaka, ameamka usiku peke yake mtoto akiwa na homa, hali mumewe anaamka usiku kwa homa ya watoto wa wengine. Ana maneno yake, na muulizaji katika barua ndefu hakutuandikia hata moja ila kwamba amhimiza aende Ghuba. Pengine ahimiza Ghuba kwa kuwa hakupata kuulizwa Kitui. Amuulize, kama Salman alivyouliza, kisha asikilize mpaka mwisho.

Limebaki letu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka wa 505 wa Hijra, alilalamika katika Ihya kwamba iko miji mingi isiyo na tabibu Mwislamu, na watu wamejazana katika elimu ya mabishano ya fiqhi kwa kuwa huko ndiko kwenye vyeo na usimamizi wa mali za mayatima na wakfu. Miaka imepita zaidi ya mia tisa na mtu akiyasoma adhani yaliandikwa kwa ajili yetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui katika gazeti lake la Al-Islah, lililoanza kutoka Mombasa mwaka wa 1932, aliwahimiza watu wa pwani waipate elimu ya dini na ya dunia. Na mpaka leo kijana akitaka udaktari twampigia makofi siku ya matokeo, kisha twamwacha na deni. Asoma miaka sita, afanya mwaka wa mafunzo, aanza kazi na mke na deni siku moja. Halafu twashangaa kwamba akimbilia zamu.

Waliotutangulia hawakumwacha tabibu hivyo. Hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa Cairo mwaka wa 1284, ilikuwa na wakfu: maduka na majumba ambayo kodi yake ililipa matabibu, dawa na chakula cha wagonjwa, na maskini hakutozwa. Ibn An-Nafis, tabibu mkubwa na mwanachuoni wa Shafi, alipofariki mwaka wa 1288 aliiwakifia hospitali hiyo nyumba yake na vitabu vyake. Kwetu Tume ya Wakfu imekuwako tangu mwaka wa 1900, na wakfu za pwani ni nyingi. Karibu zote ni za misikiti na makaburi na jamaa za waliowakifu. Hatusemi ziguswe, kwani sharti la mwenye kuwakifu ni la kuheshimiwa. Twasema wakfu mpya. Wenye mali wa Mombasa na Malindi na Lamu wakishirikiana waweza kununua nyumba moja Kitui mjini, ya vyumba vitatu na kisima au tangi la maji, iwe wakfu kwa daktari anayefanya kazi katika hospitali ya serikali huko na ambaye amekuja na watu wake wa nyumbani, Mwislamu au asiye Mwislamu, kwani mgonjwa haulizi. Kodi ikiondoka katika ile karatasi tuliyomwambia aandike, zamu ngapi zitaondoka nayo? Na wakfu wa pili uwe wa kulipa deni la masomo, sehemu kwa kila mwaka ambao daktari amekaa jimboni. Anayetaka kulianza jambo hili na atuone baada ya darsa ya Jumamosi.

Chini ya barua ndugu yetu aliongeza suali dogo, kwamba upasuaji ukirefuka ukala wakati wa sala afanyeje, na kwa kuwa yu mbali na kwao je, apunguze sala? Kupunguza, la: mwenye kukaa mahali zaidi ya siku nne si msafiri, na Kitui yeye ni mkazi. Ama kuchanganya adhuhuri na alasiri, au magharibi na isha, kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu yetu humzuia mkazi ila kwa mvua, lakini wako katika wakubwa wa madhehebu, kama Ibn Al-Mundhir na Al-Qaffal, walioruhusu kwa haja maadamu haikufanywa mazoea, kwa hadithi ya Ibn Abbas kwamba Mtume (s.a.w.) alichanganya Madina pasi na hofu wala mvua. Mkono ulio ndani ya tumbo la mgonjwa ni haja. Achanganye, wala asiifanye ada. Na siku anapokwenda Mombasa, akisha kuyapita majumba ya Kitui ni msafiri, ana ruhusa zote za msafiri mpaka aingie mji wao. Akifika huko asali kamili, kwani yuko kwake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.